Mkwe wa Mbali, na Desturi ya Nani?

Ndugu msikilizaji, leo naomba tuzungumzie ndoa, na hasa ndoa inayovunjika kati ya Mtanzania na mtu wa nchi nyingine. Kilichonisukuma kuchagua jambo hili ni ng'ombe wanne.

Miezi michache iliyopita nilikwenda Singida kwenye msiba. Tulipomaliza matanga, mjomba wangu alinishika mkono akanipeleka zizini, nyuma ya yale majabali makubwa ambayo kila aliyepita Singida anayafahamu. Akanionyesha ng'ombe wanne. "Hawa ni wa mkwe," akasema. "Walikuwa sita, wawili niliuza nikasomesha. Sasa binti anataka talaka. Wewe uliyekaa mjini na kusoma sheria za redioni, niambie: nikitakiwa kurudisha mahari, nitamrudishia nani?"

Mkwe mwenyewe ni mhandisi kutoka Korea Kusini. Alikuja kwa kazi za barabara, akaishi Singida mjini, na mwaka 2016 akafunga ndoa na binamu yangu bomani, mbele ya ofisa wa serikali, kwa cheti na mashahidi. Mahari alilipa kwa fedha, na mjomba akanunua ng'ombe. Mtoto akazaliwa mwaka 2017. Mwaka 2020, wakati wa korona, mhandisi akarudi kwao. Mwanzoni simu zilikuwa za kila siku, baadaye za kila wiki, kisha zikakatika. Hapakuwa na ugomvi wala kipigo.

Binamu yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Anayo nyumba aliyoijenga kwa mshahara wake na kwa fedha za mumewe, na hati ya kiwanja ina jina lake. Alipokwenda benki kuomba mkopo ili amalizie vyumba vya kupangisha, akaulizwa: mume yuko wapi, maana nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Benki haikukosea. Ndivyo sheria inavyotaka, na sheria hiyo iliwekwa kuwalinda wanawake ambao waume zao walikuwa wakiuza nyumba kimyakimya. Lakini kwa binamu yangu ngao hiyo imegeuka kuwa kufuli, na funguo ziko Korea.

Sasa hebu turudi nyuma kidogo, kwa sababu swali la mjomba ni la zamani kuliko korona, na ni la zamani kuliko Tanzania yenyewe.

Wengi wetu tunadhani ndoa ya mgeni ni ndoa ya mtu aliyevuka bahari. Wazee wa Singida hawakuwa na haja ya bahari. Katika mkoa huo mmoja wapo Wanyaturu, ambao mtoto wao ni wa ukoo wa baba, na wapo Wanyisanzu, katika wilaya ambayo tangu 2012 inaitwa Mkalama, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama. Majirani hao wanauziana mtama na mbuzi, wanaoleana, na kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine si safari ndefu. Mnyaturu akimwoa Mnyisanzu, mtoto ni wa nani? Kwa desturi ya baba ni wa baba. Kwa desturi ya mama, mjomba anayo haki ya kuuliza. Hapo hakuna paspoti wala ubalozi, lakini swali ni lile lile.

Upande wa Wanyaturu jibu lilikuwa katika ng'ombe. Mwanazuoni wa Kimarekani Harold Schneider, aliyeishi kati ya Wanyaturu kuanzia mwaka 1959 na kitabu chake kikatoka 1970, aliwaeleza kama watu ambao mifugo kwao ilikuwa mali ya kuhesabiwa na kukopeshana, mithili ya sisi na fedha benki. Ng'ombe wa mahari hawakuwa bei ya mwanamke, kama wageni walivyopenda kusema. Walikuwa ushahidi unaotembea. Waliwafunga watu wa pande mbili wawe na sababu ya kukaa kikao, maana ndoa ikivunjika lazima ng'ombe wajadiliwe: wangapi warudi, wangapi wabaki kwa sababu kuna watoto, nani alikosa. Mtu aliyetaka kumwacha mke wake alijua kwamba atakutana na wakwe zake zizini. Mfumo huo una dosari nyingi, na mwanamke ndiye aliyeubeba mzigo wake mkubwa, lakini tukubali jambo moja: kila upande ulijua mlango wa kwenda kubisha hodi.

Ndipo ukaja utawala wa kigeni. Wajerumani walijenga ngome yao Kilimatinde, huko Manyoni, na baada yao wakaja Waingereza, ambao waliwagawa watu katika mafungu hata ndani ya ndoa. Mwafrika aliyeoa kwa mila alikwenda kwenye mahakama za wenyeji. Mwislamu alikuwa na sheria ya dini yake. Aliyeoa Kikristo, na Mzungu, walikuwa na sheria iliyoandikwa kwa Kiingereza, na talaka yao haikuweza kuamuliwa na baraza la mtemi. Wahindi waliofungua maduka kandokando ya reli nao walikuwa na taratibu zao. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walipoingia Iramba katika miaka ya 1920, wakajenga Kiomboi na Iambi, Mnyiramba aliyebatizwa akajikuta na ndoa moja yenye wazazi wawili: cheti cha kanisa na ng'ombe wa ukoo. Aliyekorofishana na mkewe aliweza kwenda kwa mzee wa ukoo au kwa mchungaji, na majibu yasifanane.

Sasa mtu wa fungu moja akimwoa wa fungu lingine? Hapo ndipo mambo yalipochafuka. Na kulikuwa na kanuni moja ya Kiingereza ambayo iliwasumbua wanawake duniani kote ilikofika bendera ya Malkia: mwanamke akiolewa, makazi yake ya kisheria yanakuwa yale ya mumewe, popote mume alipo. Mume akikimbilia Australia, sheria inamhesabu mke naye ni mtu wa Australia, hata kama hajawahi kuiona bahari. Uingereza yenyewe iliifuta kanuni hiyo kwa sheria ya mwaka 1973.

Natamka mwaka huo kwa makusudi, kwa sababu sisi hapa tulikuwa tumeshatangulia kufungua mlango.

Baada ya Uhuru serikali ilianza kwa kuunganisha mahakama. Kwa sheria ya mwaka 1963, mahakama za mwanzo, za wilaya na za hakimu mkazi zikawekwa katika ngazi moja, kwa watu wote. Mwaka huo huo sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba zikaandikwa na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Kisha mwaka 1969 serikali ikatoa waraka wa mapendekezo kuhusu ndoa, ukajadiliwa kwa kelele nyingi mijini na vijijini, na mwaka 1971 Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei. Mawazo yake mengi yalitokana na tume iliyofanya kazi hiyo nchini Kenya, na la ajabu ni kwamba Kenya wenyewe waliyakataa mapendekezo yale bungeni katika miaka ya 1970, mara mbili, wakasubiri hadi 2014 kupata sheria moja ya ndoa. Chakula kilipikwa kwa jirani, tukala sisi.

Sheria hiyo ya 1971 imesemwa sana kwa ubaya, na pengine kwa haki, hasa juu ya umri wa msichana kuolewa, jambo ambalo Mahakama ya Rufani ililiamulia mwaka 2019. Lakini kwa mtu aliyeoana na mgeni ilikuwa mkombozi. Ilisema ndoa iliyofungwa nje ya nchi kwa kufuata sheria za huko inaweza kutambuliwa hapa. Ilisema kesi ya ndoa inaweza kuanzia mahakama yoyote, tangu ya mwanzo hadi Mahakama Kuu. Na ilisema kwamba anayetaka talaka si lazima Tanzania iwe makazi yake ya kudumu. Inatosha awe ameishi nchini mwaka mmoja mfululizo kabla ya kufungua shauri. Kwa hiyo Mjerumani aliyeolewa na mtu wa Manyoni, au Mnyaturu aliyeolewa na Mkorea, hana haja ya kumfukuza mwenzake hadi nchi ya mbali ili aachike.

Kawaida, kabla ya kwenda mahakamani, wanandoa hupita kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Mjomba alidhani hapo ndipo shauri litakapokwama, kwa sababu baraza haliwezi kumsuluhisha mtu asiyekuwapo. Lakini waliotunga sheria walimfikiria. Kama mwenzi anaishi nje ya Tanzania na hakuna dalili kwamba ataingia nchini ndani ya miezi sita, baraza linarukwa. Na kumtelekeza mwenzi kwa makusudi kwa miaka isiyopungua mitatu ni moja ya mambo ambayo mahakama huyatazama kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebika. Kwa talaka yenyewe, basi, binamu yangu hana mlima mrefu.

Mlima uko kwenye mali na mtoto.

Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawanya mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, au kuamuru iuzwe na fedha zigawanywe. Mwaka 1983, katika shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango: kupika, kulea, kutunza nyumba. Wengi hawakumbuki kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilitosha fungu lake. Alifungua mlango wakapita wengine. Na waliofaidika ni pamoja na wake wa kigeni, ambao aghalabu wanaishi hapa kwa kibali cha utegemezi na hawaruhusiwi kuajiriwa hivi hivi. Mwanamke ambaye sheria imemzuia kufanya kazi ya mshahara, mchango wake utatoka wapi kama si jikoni na kwa watoto?

Lakini kifungu hicho hicho kinaiambia mahakama izingatie pia desturi ya jamii ambayo wanandoa wanatoka. Kifungu cha 125, juu ya nani akae na mtoto, kinarudia maneno hayo: desturi za jamii yao. Sikiliza vizuri, ndugu msikilizaji. Jamii, kwa umoja. Waliotunga sheria mwaka 1971, pamoja na busara yao yote, waliwaona akilini mwao mume na mke waliotoka kijiji kimoja. Na kama mmoja ni Mnyaturu na mwingine ni Mkorea, jamii yao ni ipi? Tuwatafutie desturi Singida au Seoul? Tukubaliane kwamba swali hilo linamkuta hata Mnyaturu na Mnyisanzu. Tofauti ni kwamba hao wawili wana wazee wanaoweza kukaa chini ya mti mmoja.

Kwa upande wa mtoto, mahakama zina pa kushika, kwa sababu sheria inataka kwanza maslahi ya mtoto, na inachukulia kuwa mtoto aliye chini ya miaka saba anafaa kuwa na mama yake isipokuwa ionyeshwe vinginevyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekazia hivyo hivyo. Mali ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu nje ya Sheria ya Ndoa zipo sheria nyingine mbili ambazo hazizungumzii talaka kabisa, lakini ndizo zinazoamua talaka ya mgeni itaishaje.

Ya kwanza ni Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Inasema mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia wa Tanzania anaweza, wakati wowote mumewe akiwa hai, kuomba na kupewa uraia. Akiwa hai. Mume akifariki kabla ya maombi, au ndoa ikivunjika, mlango huo umefungwa. Na kwa mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania, mlango huo haukujengwa kabisa. Yeye afuate njia ndefu kama mgeni mwingine yeyote. Kwa haki, sheria hiyo hiyo ilisahihisha kosa moja la sheria ya 1961: mtoto aliyezaliwa nje ya nchi sasa anaweza kurithi uraia kwa mama pia, si kwa baba tu. Lakini kwa wanandoa wenyewe ilibaki na macho ya zamani, kwamba mwanamke hufuata na mwanamume hufuatwa.

Nisieleweke kwamba ni sisi tu. Korea kwenyewe, hadi mwaka 1998, mambo yalikuwa hivyo hivyo: mke wa kigeni wa Mkorea alipata uraia, mume wa kigeni wa Mkorea hakupata, na mtoto alifuata uraia wa baba. Mwaka huo walibadili, wakawaweka mume na mke katika mizani moja, na mtoto akafuata mzazi yeyote. Siku hizi mgeni aliyeachana na Mkorea anaweza kuruhusiwa kuendelea kukaa nchini humo ikiwa analea mtoto wao, au ikiwa kosa la kuvunjika kwa ndoa si lake. Huko Botswana ilibidi mwanamke mmoja mwanasheria, Unity Dow, aliyeolewa na Mmarekani, aishitaki serikali kwa sababu watoto wake waliozaliwa nyumbani hawakuhesabiwa kuwa raia. Akashinda katika Mahakama ya Rufani mwaka 1992. Kenya kwa katiba yao ya 2010 wameruhusu mume au mke wa kigeni kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa. Majirani wametembea. Sisi kifungu chetu cha 1995 tunacho.

Sheria ya pili ni ile ya Ardhi ya mwaka 1999. Kwa kawaida asiye raia hapewi ardhi Tanzania ila kwa uwekezaji unaotambuliwa na sheria za uwekezaji. Mimi siilaumu sheria hiyo. Najua historia ya ardhi barani humu na sina hamu ya kuirudia. Lakini angalia inavyomgeukia mwanamke mgeni aliyekaa Singida miaka ishirini, akajifunza Kinyaturu, akapanda alizeti na kufuga kuku kama wenzake, bila kubadili paspoti yake. Siku ya talaka mahakama inamtambua kuwa ana haki katika nyumba, lakini ardhi iliyo chini ya nyumba haiwezi kumpokea. Kinachobaki ni kuuza na kugawana fedha, au mume amlipe fungu lake. Mume hana fedha, nyumba kijijini haina mnunuzi. Mahakama imempa haki na sheria nyingine imeificha.

Kwa binamu yangu ni kinyume, na ndiyo maana nikasema ana bahati kidogo. Yeye ni raia, hati ni ya kwake, na mume ndiye ambaye hawezi kumilikishwa kile kiwanja. Kama angekuja kudai, mchango wake ungehesabiwa kwa fedha. Mtoto, aliyezaliwa Singida kwa mama Mtanzania, ni Mtanzania. Na kwa kuwa baba yake ni Mkorea, Korea nayo inamhesabu wake. Akifikia miaka 18 sheria yetu itamtaka achague, kwa sababu mtu mzima hatukubali awe na uraia wa nchi mbili. Mama yake ameanza kulifikiria hilo tangu sasa. Anataka talaka ipatikane, lakini hataki uhusiano wa mtoto na baba ukatike kwenye karatasi za huko, na kwa hiyo amehifadhi kila kitu: cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa, nakala ya paspoti ya mume, hata risiti za fedha alizotumiwa. Mwanasheria mmoja alimwambia kwamba hajawahi kuona mteja mwenye bahasha nene kiasi hicho. Ningependa kila binti anayeolewa na mtu wa mbali awe na bahasha ya namna hiyo, na aianze siku ya ndoa.

Shauri limefunguliwa katika mahakama ya wilaya. Kwa kuwa mume hajulikani alipo hasa, mahakama iliamuru wito utangazwe gazetini, kama ilivyo kawaida. Niliusoma. Ni mistari michache chini ya matangazo ya minada, kwa Kiswahili sanifu, ukimtaka mdaiwa afike mwenyewe au kwa wakili siku iliyotajwa, vinginevyo shauri litasikilizwa bila yeye. Shemeji yangu yule, ninavyomkumbuka, Kiswahili chake kilikuwa cha kazini: kokoto, saruji, haraka, kesho.

Nilimweleza mjomba yote haya, vifungu na miaka. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho. Kisha akasema sheria yangu imemtaja mke, imemtaja mume, imemtaja mtoto na nyumba, lakini ng'ombe hawamo. Nikamjibu kwamba sheria ya 1971 inasema ndoa ni halali hata kama mahari haikulipwa kwa mujibu wa mila, na kwamba hakuna Mkorea atakayekuja kuwadai. Akatikisa kichwa. Kudaiwa si shida yake, alisema. Shida yake ni kwamba mmoja wao amezaa mwaka huu, na hajui amhesabu yule ndama kuwa wa nani.